Panchanga: anza na jua na mwezi, majina yatafuata

Wengi wanaoanza kusoma panchanga, kalenda ya jadi ya Wahindu, hukimbilia kukariri: tithi 30, nakshatra 27, yoga 27, karana 11. Nawasihi msianzie huko. Vipengele ni vitano, na kimoja, vara, ni siku ya juma tu. Vinne vilivyobaki vyote vinatokana na mambo mawili: jua liko wapi na mwezi uko wapi katika mzunguko wa digrii 360.

Chukueni karatasi. Tuseme jua liko digrii 40, mwezi 105. Toa: 65. Kila digrii 12 za tofauti ni tithi moja, kwa hiyo tano zimekwisha na ya sita, Shashthi, inaendelea. Karana ni nusu ya tithi, yaani digrii 6. Gawa 65 kwa 6, uko kwenye nusu ya 11, ambayo ni Kaulava (baadhi ya majina 11 ya karana hurudiwa). Nakshatra, yaani nyumba ya mwezi kati ya nyota, hutazama mwezi peke yake: digrii 105, kila nyumba ina digrii 13 na dakika 20, basi uko ya nane, Pushya. (Aliyesoma falaki ya pwani anajua manazili 28 ya mwezi, hapa ni 27, asichanganye.) Yoga ni kujumlisha digrii za jua na mwezi: 145, gawa vilevile, unapata ya 11, Vriddhi. Fanyeni hesabu hii kila siku kwa mwezi mzima, na majina yataingia yenyewe.

Angalieni sana digrii mnazitoa wapi. Majedwali ya Magharibi huanza kuhesabu kwenye ikwinoksi, pale jua lilipo usiku na mchana vinapolingana mwezi Machi. Panchanga hufuata nyota, na pengo sasa ni takriban digrii 24. Ukikosea hapo, tithi na karana zitatoka sawasawa, kwa sababu ni tofauti tu, lakini nakshatra na yoga zitaharibika. Ndiyo maana mwanafunzi hukaa muda mrefu bila kugundua kosa.

Jambo linalowatesa wengi zaidi ni mapambazuko. Siku ya panchanga huanza jua linapochomoza, na tithi iliyopo saa hiyo ndiyo huipa siku jina. Tithi yenyewe huchukua kati ya saa 19 na 26 hivi, maana mwendo wa mwezi hubadilika. Kwa hiyo tithi moja yaweza kuangukia mapambazuko mawili, na nyingine isiguse hata moja, ikarukwa.

Sikukuu nazo zina saa zake. Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa Krishna, hutazama usiku wa manane, Diwali, sikukuu ya taa, hutazama jioni ya mwezi kufa. Mwaka 2024 Amavasya, tithi ya mwezi kufa, ilianza alasiri ya tarehe 31 Oktoba ikaisha jioni ya pili yake, jua likiwa limetua India, na watu wakagawanyika kati ya siku hizo mbili. Hakuna aliyekosea kugawanya. Kila upande ulikuwa na kanuni yake.

Kwa walio Mombasa au Dar es Salaam: panchanga iliyochapwa Gujarat ina saa za India, zilizotangulia zetu kwa saa mbili na nusu, na mapambazuko ya huko si ya hapa. Kabla ya kusoma tithi yoyote, tafuteni kwanza imepigiwa hesabu ya mji gani. Isipotajwa, ondoeni saa hizo mbili na nusu kwenye muda wa mwisho wa tithi, kisha mlinganishe na mapambazuko ya mji wenu.