Mshtarii inatoka kidoa cheupe tu? Usirudishe darubini dukani, soma hapa kwanza

Hii naiandika kwa nyie mliopata darubini juzi juzi, mkailenga Mshtarii (Jupiter), mkabana simu kwenye aipisi (ile lenzi ndogo ya kuchungulia), mkapiga, na kilichotoka ni kidoa cheupe hakina mstari wala nini. Darubini nzima kabisa. Simu ndo inawaangusha, maana ikiwa kwenye oto inaona mbingu yote nyeusi inadhani kuna giza, basi inavuta mwanga mpaka sayari inaungua.

Dawa yake, gusa sayari kwenye skrini uendelee kubonyeza mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, halafu shusha mwanga kwa kidole taratibu, shusha tu, mpaka sayari ionekane imefifia useme sasa hapa nimeharibu. Hapo ndo mikanda miwili ya kahawia inajitokeza. Ile miezi yake minne mikubwa, Io, Europa, Ganymede na Callisto, itapotea na hilo ni sawa, Galileo, yule mwanaanga wa Italia, aliiona mwaka 1610 kwa kadarubini kadogo kwahiyo hata wewe utaipata, ila kwa picha nyingine uliyoongeza mwanga. Zile picha kali zenye mikanda na miezi pamoja mara nyingi ni picha mbili zimeunganishwa, usijiumize roho.

Sasa jambo kubwa kuliko yote: sayari hatupigi picha, tunarekodi video. Hewa iliyo juu yetu inacheza muda wote kama ile iliyo juu ya jiko la mkaa, sekunde hii sayari imenyooka sekunde inayofuata imevimba upande, na ukipiga picha moja unabahatisha. Ukirekodi dakika moja na nusu kwa fremu (picha moja moja za video) 30 kwa sekunde una fremu 2,700, humo ndani zipo mia kadhaa zilizoangukia hewa ikiwa imetulia, na programu inazichagua, inazipanga juu ya mwenzake na kutoa picha moja. PIPP inasoma video ya simu na kuiweka sayari katikati, AutoStakkert inachambua na kupanga (mwanzoni bakiza kama asilimia 20 ya fremu zilizo bora), RegiStax inanoa. Zote za bure, unahitaji laptopu ya Windows tu. Ila usirekodi robo saa ukidhani fremu nyingi ndo uzuri, Mshtarii inajizungusha mzunguko mzima chini ya saa 10, kwahiyo ukichelewa sana mikanda na madoa yanakuwa yameshasogea na picha inapakaa. Dakika mbili hivi, simama, anza video nyingine.

Kuhusu hewa nitaongea zaidi kwa sababu hapa ndo watu wanapoteza hela wakinunua vifaa vya kutibu tatizo ambalo halitibiki kwa kifaa. Ukilenga sayari iliyo juu ya paa la jirani, lile bati na ukuta vimepigwa jua mchana kutwa, jioni yote vinatoa joto, utaona sayari inachemka kwenye skrini. Kusimama juu ya slabu ya zege ni hivyo hivyo, bora uwani kwenye majani. Subiri sayari ipande, na hapa sisi tunabahati kweli, Dar, Nairobi, Mombasa tupo karibu na ikweta kwahiyo sayari zinapita juu sana, mara nyingine karibu na utosi, wakati wenzetu Uingereza na Ujerumani kuna miaka, kama 2018 mpaka 2020, Mshtarii na Zohali (Saturn) zilikuwa zinatambaa chini kule kusini wanazipiga kupitia hewa nene. Ukiipiga ikiwa chini utaona ukingo mmoja mwekundu mwingine wa bluu, hiyo ni hewa inatawanya rangi, lenzi haina kosa. Halafu nyota zikimetameta sana usifurahie, mbingu imependeza kwa macho ila kwa sayari ni usiku mbovu. Usiku wenye ukungu kidogo na hakuna upepo unaweza kukupa picha nzuri kuliko ule ulionyeshewa ukabaki safi una kaupepo.

Wa Dar na pwani nzima, jamani, msitoe darubini kwenye chumba chenye AC moja kwa moja hadi nje. Kioo cha baridi kikikutana na unyevu wetu kinalowa hapo hapo, na mtu anakimbilia kufuta kwa tisheti, anakwaruza. Iache barazani nusu saa au zaidi ikiwa na mfuniko wake, izoee.

Ukuzaji: boksi likiandikwa mara 525 lisome kama tangazo. Kanuni ya mtaani ni mara mbili ya upana wa kioo kwa milimita, kioo cha 114 kinafika kama mara 228, na hapo hewa iwe imekubali. Anza na aipisi ya milimita 25 uipate sayari, hamia ya 10 inayokuza zaidi, Barlow (lenzi ya kuongeza ukuzaji) iwe ya mwisho. Fokasi usiiseti kwa sayari yenyewe, tumia mwezi wake mmoja, zungusha mpaka uwe kanukta kadogo kabisa, achia mkono, subiri mtikisiko uishe ndo uangalie.

Ile stendi ya ikweta yenye uzito unaoning'inia inasumbua sana huku kwetu. Imetengenezwa ilenge ncha ya mbingu, ile sehemu ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka, na kwa Nairobi ncha ipo nyuzi moja na kitu tu juu ya upeo, Dar kama nyuzi saba, kwahiyo unailaza mpaka ule mzigo unagonga miguu ya stendi, na stendi nyingi hazilali kiasi hicho. Anayeanza achukue Dobson, darubini inayokaa kwenye kitako cha boksi, anasukuma kwa mkono. Sayari ikikimbia iache ikatize skrini upande mpaka upande huku unarekodi, PIPP itairudisha katikati.

Kwenye RegiStax zile slaida (vitufe vya kuvuta vya kunolea picha) zina utamu wake, mtu anavuta mpaka Zohali inaota pete ambazo hazipo. Ukiona mstari mweupe umezunguka ukingo wa sayari, rudisha nyuma. Na kwa Zohali usishangae pete ni nyembamba, Machi 2025 zilitukalia ubavu kabisa, sasa zinafunguka taratibu mpaka miaka ya 2030 huko, usilinganishe na picha za 2017 zilivyokuwa zimepanuka.

Kama bado mkono mzito anza na Mwezi, ukiuangalia angani unaonekana mpana kuliko Mshtarii karibu mara 40, hata simu ya kawaida inakupa mashimo. Zuhura (Venus) ipige baada ya jua kuzama kabisa, usiitafute jua likiwepo, darubini ikiligusa jua bila kichujio chake mbele jicho linaondoka hapo hapo na simu nayo inaungua.

Video zako usifute hata zile unazoona mbovu, nunua hadidiski. Ukishazoea slaida utazirudia na utakuta ndani kuna sayari.