Riwaya yangu sio utafiti? Na maswali mengine ya wanafunzi wa masta

Mwezi huu nimepokea barua nyingi za watu wa masta, nahisi ni kwa sababu dedilaini za vyuo zinakaribia na kila mtu sahivi yuko na laptopu mapajani anatafuta wa kumlilia. Nimechukua nne. Ambao sijawajibu msinune, karibu nusu ya barua zilikuwa zinauliza kitu kimoja.

*Dada habari za kazi. Nasoma masta ya fasihi, kozi nimemaliza zote imebaki tasnifu tu. Mimi ni mwandishi, nina riwaya imefika kurasa 140 na nilijua hiyo ndo itakuwa tasnifu yangu, nikampelekea supavaiza akakaa nayo wiki tatu alafu akaniambia kazi ni nzuri lakini sio utafiti, nenda kaandike kuhusu riwaya ya mtu mwingine. Nimevunjika moyo mpaka nataka kuacha. Kwani riwaya haiwezi kuwa utafiti? Mwenye Riwaya, Morogoro*

Pole mdogo wangu. Nianze na swali ambalo hutalipenda: mwongozo wa chuo chako umeusoma? Sizungumzii kuhadithiwa na wenzio kwenye foleni ya chipsi, nasema kuusoma mwenyewe, lile faili refu la masomo ya uzamili ambalo kila mtu analo kwenye simu na hakuna aliyelifungua. Nenda katafute palipoandikwa kuhusu kazi bunifu. Kama pameandikwa inaruhusiwa, basi alichokupa supavaiza ni maoni yake na unaweza kurudi kwake kwa adabu na hicho kifungu mkononi. Kama hapapo, yeye yuko sahihi hata kama inauma, maana digrii uliyojiandikisha ni ya kuhakiki fasihi, na huwezi kuingia mashindano ya kupika na samaki uliyemvua mwenyewe ukataka upewe zawadi ya uvuvi.

Hili jambo lenyewe sio la zamani sana hata huko linakosifiwa. Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani ndo kinatajwa sana, mwaka 1922 mkuu wao wa masomo ya uzamili, Carl Seashore, alitangaza kwamba watapokea kazi ya sanaa kama tasnifu: mashairi, tamthilia, mchoro, muziki. Na huyo bwana wala hakuwa mshairi, alikuwa mtu wa saikolojia anayepima vipaji vya muziki. Uingereza walikuja kuanza masta ya uandishi mwaka 1970 pale Chuo Kikuu cha East Anglia. Huku kwetu wakubwa wetu wengi walipita njia nyingine kabisa. Chukua Euphrase Kezilahabi, mwandishi wetu wa riwaya na mashairi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1971, diwani ya mashairi 1974, lakini masta aliyopata Dar es Salaam mwaka 1976 ilikuwa ya kumchambua Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya, na udaktari wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, 1985 ni falsafa na namna ya kufasiri fasihi. Penina Muhando naye, tamthilia anaandika miaka yote hiyo, ila udaktari wake wa 1983 ni utafiti kuhusu sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru. Yani mchana wanaandika sura ya mapitio ya maandishi, usiku wanaandika kazi zao. Sisemi hivyo ndo inavyotakiwa iwe, mimi naona ni hasara, nasema tu kwamba kama chuo chako hakiruhusu, haujafa, riwaya yako inaweza kuishi bila kuwa tasnifu.

Sasa kama kinaruhusu, supavaiza wako bado ana hoja moja ambayo ungemsikiliza. Riwaya kuwa nzuri haitoshi. Panel ya watahini inataka kujua ulikuwa unatafuta nini. Mimi siku yangu ya kudifendi (nilikuwa na diwani ya mashairi, chuo sikitaji) mzee mmoja alivua miwani akaniuliza, "Binti, sampuli yako ni ya watu wangapi?" Nikakaa kimya. Nikajibu mashairi 42. Watu wakacheka na mzee akacheka pia, lakini baadae niligundua swali lilikuwa zuri kuliko nilivyodhani, alikuwa ananiuliza kwa lugha anayoijua yeye: kwa nini haya 42 na sio mengine? Sikuwa na jibu. Nilipewa marekebisho ya miezi mitatu.

Kwahiyo kaa chini uandike swali la riwaya yako kwa sentensi moja. Usiandike "riwaya hii inahusu changamoto za vijana," hilo sio swali, hilo ni bango la semina. Andika kitu kama: Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, inasikikaje ikisimuliwa na mtoto wa miaka saba ambaye hajui kwa nini nyumba yao inabomolewa? Hapo kuna kazi. Hapo lazima usome nyaraka za miaka ya sabini, lazima uongee na wazee waliohamishwa, lazima uamue mtoto anaruhusiwa kujua neno gani na gani hajui. Huo ni utafiti na hakuna atakayebisha, au atabisha lakini utakuwa na cha kumjibu.

*Asalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Mombasa nafanya masta ya sanaa nje ya nchi, uchongaji. Sanamu zangu tano zishakwisha, ni za mbao na mabati ya kuezekea niliyookota Old Town, mengine yashaliwa na kutu yakawa yanikatikia mkononi kila nikiyakunja, mwisho nikayashona kwa waya kama nguo. Shida ni kuwa chuo chataka kurasa 60 za maandishi. Mimi nazungumza kwa mikono, maneno sina. Niliandika 10, supavaiza akasema nimeandika tangazo la biashara. Nimekuwekea ukurasa wa kwanza usome. Fundi asiye na maneno*

Waaleikum salaam kaka. Ukurasa nimeusoma. Unaanza hivi: "Kazi hizi zinaakisi uhalisia wa jamii na kuibua hisia mseto kwa mtazamaji." Samahani lakini supavaiza wako kasema kweli. Hiyo sentensi ukiibandika chini ya sanamu yoyote duniani itakaa, hata chini ya picha ya tembo kwenye kalenda ya benki itakaa. Mtu akiisoma hajui kama ulichonga mbao au ulifinyanga udongo.

Alafu rudi kwenye barua uliyoniandikia mimi, haraka haraka, bila kujikaza. "Yakawa yanikatikia mkononi kila nikiyakunja, mwisho nikayashona kwa waya kama nguo." Kaka, hapo ndo tasnifu yako inaanzia! Bati limekaa juu ya paa la mtu miaka mingi linapigwa na upepo wa chumvi, limegoma kukunjika, na wewe ukaacha kulilazimisha ukaenda kwenye ufundi wa cherahani. Kwa nini kushona na sio kuchomelea? Nani alikufundisha mshono huo, mama, fundi nguo wa mtaani, wavuvi wanaoshona nyavu? Waya wa unene gani, na ulivyojaribu mwembamba ulifanyaje? Ile sanamu ya kwanza kabla hujajua kushona iko wapi, umeitupa? Usiitupe, ipige picha, iliyoshindikana inakaa kwenye tasnifu na tena ndo inayowashawishi watahini kuliko zile tano zinazong'aa. Ukijibu hayo maswali tu kurasa 60 zitakuwa hazitoshi utaanza kupunguza.

Kuna mtu nataka umtafute, Elizabeth Catlett, mchongaji, dada mweusi wa Marekani aliyesoma hukohuko Iowa nilikosema juu. Mwalimu wake mmoja, Grant Wood, aliwahimiza wanafunzi wafanye kile wanachokijua kuliko kitu kingine, na yeye akachonga mama mweusi na mtoto wake kwenye jiwe la chokaa, ikawa ndo kazi yake ya kumalizia MFA (masta ya sanaa ya kubuni) mwaka 1940, na mwaka huohuo ikachukua zawadi ya kwanza ya uchongaji kwenye maonyesho makubwa ya Wamarekani weusi Chicago. Na huko chuoni alikuwa haruhusiwi hata kulala bweni kwa sababu ya rangi yake. Nakutajia kwa sababu mama na mtoto ni somo lililochongwa na kila mtu tangu dunia ianze, kilicholifanya liwe lake ni yule mama alikuwa nani na jiwe lilikubali nini.

Cha kufanya kuanzia kesho: nunua kauntabuku, hata ya kwaya mbili, kila ukitoka karakana andika mistari mitano. Leo nimefanya nini, nini kimenigomea, nimeamua nini. Kama sanamu zimeshaisha basi andika unavyokumbuka, ila tofautisha unachokumbuka na ulichoandika siku ileile, watahini hawapendi kudanganywa. Na picha za kazi ziwe na vipimo, urefu upana kina, maana tasnifu yako itasomwa na mtu ambaye hatawahi kuisogelea hiyo sanamu na kwenye karatasi kitu cha sentimita 40 na cha mita mbili vinafanana.

Kama kuandika kunakushinda kabisa, jirekodi kwenye simu ukimweleza mdogo wako, alafu nukuu. Wewe maneno unayo, barua yako inakuumbua.

*Shikamoo da. Nipo Minnesota nasoma MFA ya ushairi, mwaka wa mwisho. Mashairi yangu nusu Kiswahili nusu Kiingereza na kwenye kamati yangu hakuna anayejua Kiswahili, wamenambia niweke maana ya kila neno chini ya ukurasa. Pia library inataka thesisi iwekwe wazi mtandaoni, naogopa nikija kumpelekea publisha atasema imeshatoka. Nifanyeje? Binti wa Tanga ughaibuni*

Marahaba. Naanza na la pili maana lina haraka. Usisaini fomu ya maktaba kabla hujauliza kuhusu kuifungia thesisi kwa muda, embago wanaita, vyuo vingi huko vinayo na wanafunzi wa uandishi wanaiomba kila mwaka. Hofu yako sio ya ajabu, mwaka 2008 wanafunzi wa uandishi palepale Iowa walikuja juu waliposikia tasnifu zao zitawekwa wazi bure, wakapiga kelele mpaka chuo kikarudi nyuma. Omba miaka mingi zaidi inayoruhusiwa, kitabu cha mashairi kinachukua muda kupata mchapishaji. Na kama unawaza kushindana kwenye tuzo za Kiswahili, mfano ile ya Safal iliyoanzishwa mwaka 2014 kama tuzo ya Mabati-Cornell, soma kwanza masharti yao kuhusu kazi iliyokwisha kutoka.

Nyongeza kidogo: kama chuo kinapitisha thesisi kwenye Turnitin, ile programu ya kukamata maandishi yaliyonakiliwa, na mashairi yako ulishayaweka mtandaoni, mashine inaweza kukuita mwizi wa kazi yako mwenyewe. Imemkuta rafiki yangu, alikutwa na asilimia kubwa ikabidi aandike barua kueleza kwamba yeye na yule mshairi ni mtu mmoja.

La kamati sasa. Mimi ningekataa maelezo chini ya kila neno. Kwa upole, lakini ningekataa. Shairi lenye tanbihi kumi na tano linakuwa kama mtu anayeongea huku anatafsiriwa na jirani yake. Waambie mambo mawili. Kwanza omba aongezwe msomaji mmoja wa nje anayejua Kiswahili, Marekani walimu wa Kiswahili vyuoni wapo wengi tu, na wewe una haki ya kusomwa na mtu anayeona kama mizani imetimia au umechechemea. Pili, hilo suala lenyewe la lini unahama lugha na kwa nini, liandike kwenye utangulizi wako. Chukua shairi moja ulieleze mstari kwa mstari: hapa niliandika "ukiwa" kwa sababu nililia siku hiyo na "loneliness" haikubeba nyumba tupu. Kamati ikielewa shairi moja hivyo itakuamini kwenye mengine. Kule Afrika Kusini Chuo Kikuu cha Rhodes kina masta ya uandishi inayopokea kazi kwa Kixhosa, kwahiyo usikubali kuambiwa kwamba chuo hakiwezi kupima lugha yetu.

*Habari ya kazi mwanangu. Kijana wangu ameacha kufundisha sekondari, ameenda kusoma masta na ananiambia mtihani wake wa mwisho ni kuandika tamthilia. Baba yake haongei naye. Hiyo digrii ina kazi kweli? Mama, Moshi*

Shikamoo mama yangu. Sitakudanganya. Marekani hiyo MFA inahesabika ndo digrii ya juu ya fani na mtu anaweza kufundishia chuo kikuu, huku kwetu akitaka kupanda chuoni mara nyingi ataulizwa PhD. Lakini mtu anayejua kuandika tamthilia na kuimaliza anahitajika kwenye tamthilia za televisheni, redio, vitabu vya shule, na mashirika yanayotaka michezo ya kuelimisha, hela yake inakuja kwa mafungu sio kila mwisho wa mwezi. Cheti chake cha ualimu hakijafutwa.

Baba mwambie aende siku ya onyesho, maana tamthilia ya masta wakati mwingine inachezwa jukwaani kabla ya kupewa maksi. Na huyo kijana mwambie aweke nakala kwenye flashi mbili, moja akuletee wewe uifungie kabatini na vyeti.