Ukitaka Kusimamia Seva Vizuri, Soma Vitabu

Vijana wanaomaliza Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine vya hapa huniuliza wasome kozi gani ili waajiriwe kusimamia mifumo ya kompyuta. Wanategemea nitaje Linux, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi za maofisini, usalama wa mtandao, na vyeti vya kampuni zinazotengeneza ruta, vile vifaa vya kuunganisha mitandao. Hivyo wavisome, tena kwa bidii. Lakini jibu langu la kwanza huwa lile lile: jifunze kuandika Kiswahili kilichonyooka, na ili ukiweze, soma vitabu. Wapo wanaodhani nawakwepa. Siwakwepi, nawapa kitu kilichonisaidia kuliko cheti chochote nilicho nacho.

Tangu serikali ianze kuhamia huku na mji wetu kuwa jiji mwaka 2018, ofisi zimeota kila upande, kuanzia katikati ya mji hadi Mtumba, kwenye mji wa serikali. Kila ofisi ina chumba chake cha seva (kompyuta zinazohudumia nyingine zote), kiyoyozi chake, na mara nyingi mtu mmoja tu anayejua nini kimeunganishwa na nini. Mtu huyo akiugua au akihamishiwa Kigoma, ofisi nzima inabaki kumpigia simu. Vifaa vimenunuliwa kwa fedha nyingi, lakini maelezo ya kuviendesha yamo kichwani mwa mtu.

Nimewahi kukabidhiwa mfumo pamoja na jalada nene la maelezo. Lilikuwa Kiingereza kitupu, kilichonakiliwa kutoka kwa mtengenezaji, na ndani yake hamkuwa na hata sentensi moja kuhusu chumba kile. Nilichohitaji kilikuwa kitu kama hiki: “Usizime swichi ya mtandao ya juu, ndiyo inayobeba simu za mapokezi. Kiangazi, mwezi wa nane hadi wa kumi, piga bloa kila wiki, vumbi huingia kwa dirisha la nyuma. Funguo ya pili anayo mlinzi wa zamu.” Mistari mitatu ya namna hiyo ingeniokolea kazi kubwa. Mtu anayeamshwa usiku umeme umekatika na jenereta limegoma kuwaka hana nafasi ya kutafsiri. Anataka maneno yanayoingia moja kwa moja.

Basi andika kwa lugha unayotumia kugombana, kuchekea na kusalimia watu. Miongozo ya programu zenyewe itaendelea kuwa ya Kiingereza, na ni lazima uiweze. Ila maelezo ya chumba chako ni ya kwenu.

Sasa matangazo. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alibandika tangazo mlangoni: “Kutakuwa na matengenezo ya miundombinu ya mtandao kwa lengo la kuboresha utoaji wa huduma.” Mama mmoja wa uhasibu akalisoma, akavua miwani, akamuuliza, “Sasa mwanangu, mimi Ijumaa nilipe watu au nisilipe?” Tukakaa na yule kijana tukaliandika upya: “Ijumaa, kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, mfumo wa malipo hautafunguka. Barua pepe zitafanya kazi kama kawaida. Mwenye malipo ya siku hiyo ayamalize kabla ya saa tisa alasiri.” Siku hiyo hakuna aliyepiga simu kulalamika. Tangazo liandikwe kwa kumfikiria huyo mama na kazi iliyo mezani kwake, na cheo cha aliyeliandika hakina nafasi humo.

Saa nazo zina mitego. Ukimwandikia mwenzako “nakala rudufu ichukuliwe saa 8 usiku”, sisi sote tunaelewa. Lakini akienda kuipanga kwenye cron, programu inayoanzisha kazi yenyewe saa iliyowekwa ikifika, akaweka 8, mashine itafanya kazi hiyo saa mbili asubuhi, watu wakiwa ndiyo wanafungua kompyuta, na mfumo utakuwa mzito asubuhi nzima. Andika zote mbili: saa nane usiku, 02:00. Ongeza jambo jingine: seva nyingi huhesabu muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, nasi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo saa nane yetu ya usiku kwenye kumbukumbu za seva itasomeka 23:00 ya tarehe iliyopita. Hapo ndipo watu wawili wanapobishana siku gani tatizo lilitokea, na wote wana haki. Mimi huandika “usiku wa kuamkia Jumamosi”. Wazee wetu walishalimaliza suala hilo zamani, hakuna anayeweza kukosea usiku upi unasemwa.

Kuna na alama ndogo inayosumbua kuliko zote, ile ya ng'. Hapa Dodoma tuna mtaa wa Chang'ombe. Tafuta jina hilo kwenye kanzidata (hifadhi ya taarifa ndani ya kompyuta) yoyote iliyojazwa na watu wengi, utalikuta kwa sura tatu: lenye alama iliyosimama wima, lenye alama iliyopinda, na lisilo na alama kabisa. Ile iliyopinda huwekwa na programu za kuandikia barua bila kumwuliza mtu. Kwa macho yetu ni kitu kimoja. Kwa mashine, chini ya UTF-8, mfumo wa herufi ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwaka 1992, ya wima inachukua baiti moja, yaani kipimo kimoja kidogo cha nafasi, na iliyopinda inachukua tatu. Mkazi mmoja anaweza kuandikishwa mara mbili, au akaambiwa hayumo kabisa ilhali yumo. Baadhi ya waandaa programu hukata tamaa wakaifuta alama yote, kwa sababu SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, huitumia hiyo ya wima kufungia maneno, na programu iliyoandikwa ovyo huanguka ikikutana nayo. Usikubali. Ng'ombe si ngombe, na jina la mtu ni lake. Weka kanuni ya kusawazisha alama hizo kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta, jambo likaisha.

Na vitabu? Vinaingia hapa: msomaji wa riwaya anajua kusoma logi, yaani zile kumbukumbu za seva. Diski ikijaa, kanzidata inakataa kuandika, na watumiaji wanaona mfumo umegoma. Asiye na subira anasoma mstari wa mwisho, anaiwasha seva upya, na diski inabaki imejaa vilevile. Aliyezoea vitabu anarudi nyuma, kwa sababu amezoea kwamba kilichompata mtu sura ya kumi kilipandwa sura ya pili. Anapanda juu mstari kwa mstari hadi anakuta onyo lililotolewa mchana, likapita kimya. Naamini kabisa subira hii hujengwa na kurasa ndefu. Kioo cha simu hakiijengi.

Ukikosa pa kuanzia, anza na mtu wa hapa hapa. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, aliandika kwa Kiswahili historia, mila na desturi za Wagogo, kitabu kikatoka mwaka 1954. Ndiye pia anayetajwa kuwa mwasisi wa ngonjera. Kwangu ngonjera imekuwa kielelezo cha kazi: mmoja anauliza, mwingine anajibu, hoja inasonga. Miongozo yangu ya kutatua matatizo naiandika hivyo. Je, taa ya kijani inawaka? Haiwaki, basi kagua waya wa umeme. Inawaka, basi nenda swali la pili. Maktaba ya mkoa ipo, na treni ya Dar es Salaam inakupa saa kadhaa za kukaa na kitabu bila mtu kukuita.

La mwisho ni la mikono. Mwongozo ukiisha kuuandika, usiuweke kwenye seva peke yake, maana seva ikizima nao umezimika. Uchapishe, uweke tarehe, uutie plastiki kwa ajili ya vumbi, uuning'inize ndani ya mlango wa chumba cha seva. Kisha mwombe mtu ambaye si wa idara yako aufuate wewe ukiwa umekaa kimya pembeni. Kila anapokwama, rekebisha sentensi hiyo.