Maswali na Majibu ya Daftari la Sanaa: Tuanze na Mshono

Barua za mwezi huu zimeuliza sana kuhusu mapambo, ilhali kasoro nyingi zinazoelezwa ndani yake ni za ujenzi. Kwa sababu hiyo natanguliza ile iliyogusa msingi.

Swali: Mwalimu, nilikunja karatasi za A4 katikati nikazishona kuwa daftari la A5. Kurasa hazilali, na nikipaka rangi ya maji karibu na mshono zinafanya mawimbi. Je, nimeshona vibaya? (Msomaji, Buruburu)

Jibu: Hukushona vibaya. Kosa lilitendeka kabla hujashika sindano, nami nalikuta katika madaftari mengi ninayoletewa. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi ndogo ndogo, nyingi zikiwa zimelala kuelekea upande mmoja, na karatasi hukunjika kwa urahisi inapozifuata nyuzi hizo lakini hukaidi inapokunjwa kwa kuzikatiza. Katika kitabu kilichoundwa vyema, nyuzi huenda sambamba na mgongo, kutoka juu hadi chini. Karatasi nyingi za A4 za ofisini zina nyuzi zinazofuata urefu, yaani upande wa milimita 297, kwa hiyo ukiikunja A4 katikati, mkunjo unazikatiza nyuzi zote, nawe umejenga daftari linaloshindana na mgongo wake kila linapofunguliwa. Maji nayo huzinenepesha nyuzi zaidi ya kuzirefusha. Ukurasa wako unataka kutanuka kwa kuufuata mgongo, mshono unauzuia, na hapo ndipo mawimbi yanapotokea.

Kujua nyuzi zimelala vipi hakuhitaji kifaa chochote. Kata kipande cha mraba cha sentimita 5, kitie alama ya penseli inayoonyesha upande wa urefu wa karatasi kilikotoka, kisha ulowanishe uso mmoja kwa kidole. Kitajiviringa kama mrija, na mrija huo huelekea zinakoelekea nyuzi. Ukishajua hilo, nunua karatasi kubwa uikate mwenyewe ili mkunjo ufuate nyuzi, na kadibodi ya jalada uikate kwa kanuni hiyo hiyo. Usitarajie pia kwamba karatasi ya gramu 80 kwa mita mraba, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine ya kuchapisha, itastahimili rangi ya maji. Tafuta ya gramu 200 na kuendelea.

Swali: Gundi ipi ni bora? (Wasomaji kadhaa)

Jibu: Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado linaletwa likiwa pungufu. Bora kwa kubandika nini juu ya nini? Karatasi juu ya karatasi hubandikwa vizuri kwa uji mzito wa unga laini wa ngano, uliopikwa na kuchujwa, mradi upike kiasi cha siku hiyo tu kwa sababu huchacha na kuwaita wadudu. Kitambaa juu ya kadibodi hutaka gundi nyeupe ya maseremala. Ile gundi kali inayoshika papo hapo hukauka ikawa ngumu na kuvunjika ukurasa unapopinda. Gundi ya viatu huacha madoa ya manjano, na mvuke wake haufai kuvutwa katika chumba kilichofungwa, hasa penye watoto. Selotepu isikaribie kabisa daftari unalotaka lidumu.

Swali: Nataka kuvika jalada leso ya mama, lakini nilipojaribu kwa kipande kingine gundi ilipenya ikaacha mabaka. (Msomaji, South B)

Jibu: Leso ni pamba nyepesi, kwa hiyo lazima kwanza uipe karatasi nyembamba mgongoni. Lowanisha leso kidogo, itandaze kifudifudi juu ya kioo, pakaza uji wa ngano kwenye karatasi wala si kwenye leso, ilaze karatasi hiyo juu yake na uisugue polepole kutoka katikati hadi pembeni mapovu yaishe. Iache hadi kesho. Ikishakauka, ibandike kwenye kadibodi kwa gundi nyeupe, ukiacha sentimita 2 za kukunjia ndani kila upande. Bandika karatasi ya upande wa ndani siku hiyo hiyo, kwani jalada lililobandikwa upande mmoja pekee hupinda linapokauka, kisha ulilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha. Katika baridi ya Julai hapa Nairobi, lipe siku mbili.

Kabla ya kukata, soma jina. Leso ina pindo kandokando, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, nami huumia ninapoona jalada ambalo maneno yake yamekatwa katikati ya neno kwa sababu mtengenezaji alitazama maua pekee. Pima ili jina likae zima kwenye jalada la mbele, au uliache nje lote. Na kwa kuwa leso ni ya mama, mwombe ruhusa kwanza.

Swali: Maua ya jakaranda yanafaa kukaushiwa ndani ya daftari? (Msomaji, Kilimani)

Jibu: Hayafai. Yana maji mengi, na rangi yake hufifia na kugeuka kahawia. Chukua bogenvilia, ambayo ni kavu kama karatasi tangu ikiwa mtini.

Swali: Daftari langu limenenepa kwa vitu nilivyobandika hadi halifungiki. (Msomaji, Umoja)

Jibu: Mgongo wake ulipimwa kwa karatasi tupu, nawe ukaongeza unene upande wa mbele pekee. Kwa daftari lililokwisha shonwa, kata ukurasa mmoja baada ya kila kurasa chache ukiacha kishina cha sentimita 2 karibu na mshono, ili mgongo ubaki na unene wake huku mbele pakipata nafasi. Usikate hadi kwenye mkunjo, kwa maana nusu ya pili ya karatasi hiyo itachomoka. Katika daftari lijalo, vishina hivyo vishone tangu mwanzo.

Swali: Je, ni lazima ninunue stika na tepe za mapambo kutoka ng'ambo ili daftari lipendeze? (Msomaji, Rongai)

Jibu: Si lazima, na ningependa wengi waache. Waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na uzuri wa kurasa hizo umo katika umbo dogo linalorudiwa kwa mkono uliotulia. Chagua rangi tatu. Chonga kiazi kiwe muhuri, kikaushe kwa kitambaa kabla ya kukitia rangi, na upige pambo moja pembezoni mwa ukurasa mzima. Ukurasa huo utakuwa wako kuliko wenye stika ishirini ambazo kila mtu anazo.

Swali: Nina barua na picha za marehemu babu. Nizibandike vipi? (Msomaji, Kawangware)

Jibu: Tafadhali usizibandike. Niliwahi kuletewa daftari lenye picha ya harusi iliyobandikwa kwa gundi ya viatu. Doa la manjano lilikuwa limepenya kutoka nyuma hadi kwenye uso wa bibi harusi, na hakukuwa na nakala nyingine katika ukoo huo. Hakuna nililoweza kufanya. Piga nakala, ubandike nakala, ukatekate nakala upendavyo. Zile za asili zitie katika bahasha ya karatasi, mbali na jua na unyevu, na uandike nyuma ya kila picha kwa penseli laini majina ya waliomo, maadamu bado wapo wazee wanaowatambua.

Swali: Uzi wa cherehani unatosha kushonea? (Msomaji, Kayole)

Jibu: Hautoshi. Ni mwembamba na hukata karatasi kwenye tundu. Tumia uzi mnene wa pamba au kitani, na uuvute mara mbili au tatu juu ya kipande cha nta ili usijisokote. Toboa matundu kwa msharasi, kifaa kile cha mafundi wa viatu, karatasi zikiwa zimefunguliwa na ncha ikielekea kwenye mkunjo wenyewe. Matundu matatu yanatosha kitita cha karatasi nne. Ingiza sindano kupitia tundu la kati ukianzia ndani, utokee nje, uende juu, uende chini, urudi kati, kisha ufunge fundo juu ya ule uzi mrefu wa ndani na uache mikia ya sentimita 1. Vuta kwa kuufuata mgongo, kamwe usivute kuelekea kwako, kwani hapo ndipo karatasi hupasuka.