Barua ya daktari mezani kwa wakili: kwa mnaoanza kazi kwenye kliniki za watoto

Umeajiriwa juzi kuwa mkalimani au mhudumu wa afya ya jamii kwenye kliniki ya watoto hapa Massachusetts. Umepewa kitambulisho, umeonyeshwa lifti, halafu ukaambiwa kuwa kliniki ina wakili wake. Wengi wa kwetu wakisikia hivyo hudhani huyo yupo kuilinda hospitali isishtakiwe. Sivyo. Ni wakili wa wagonjwa, kazi yake hulipiwa na shirika la msaada wa kisheria au na ruzuku, na familia haitoi hata senti. Wewe, juu ya kutafsiri, utatakiwa ujue ni lini tatizo lililoletwa kwa daktari ni la wakili.

Mpango wenyewe ulianzia hapahapa Boston. Mwaka 1993 Dkt. Barry Zuckerman, aliyekuwa mkuu wa idara ya watoto ya Boston City Hospital, ambayo sasa ni Boston Medical Center, alichoka kutibu pumu ya watoto kisha kuwarudisha kwenye nyumba zenye ukungu na mende. Daktari anaweza kuandika dawa, lakini hawezi kumlazimisha mwenye nyumba kuziba bomba. Akamleta wakili ndani ya idara yake. Leo utaratibu huo umeenea kwenye mamia ya hospitali na vituo vya afya Marekani nzima.

Ukiuliza kwa nini familia haiendi yenyewe kutafuta wakili, jibu ni kwamba hapa haki ya kupewa wakili bila malipo, iliyothibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1963, ni ya mashauri ya jinai. Kwenye kesi za nyumba, shule na mafao, karibu kila mahali unajitegemea. Ripoti ya mwaka 2022 ya Legal Services Corporation, shirika linalogawa fedha za serikali kuu kwa ofisi za msaada wa kisheria, ilisema watu wa kipato cha chini hawapati msaada wowote, au hawapati wa kutosha, kwa 92% ya matatizo yao makubwa ya madai. Sasa mpe mzigo huo mama aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Kiingereza chake bado ni cha salamu, ana watoto watano, na zamu yake kiwandani inaanza saa kumi na moja alfajiri.

Nianze na namna ya kuuliza, maana hapo ndipo wageni wengi hukwama. Usimwulize mzazi kama ana tatizo la kisheria. Atakwambia hana, tena kwa haraka, kwa sababu kwake sheria ni polisi na mahakama. Wala usimwulize kama nyumba ni nzuri. Mtu aliyelala chini ya turubai miaka kumi na kitu atakujibu "tunamshukuru Mungu, tuko sawa", na kwa heshima hiyohiyo ataficha panya wa jikoni. Kulalamikia nyumba yenye umeme na choo cha ndani anaona ni utovu wa shukrani kwa waliompokea. Uliza vitu vinavyoonekana. Mtoto anakohoa zaidi akilala chumba gani? Ukuta wa chumba hicho ukiugusa una unyevu? Hita iliwaka jana usiku? Kuna barua yoyote kutoka kwa mwenye nyumba, kampuni ya umeme au shule ambayo hamjaielewa? Hapo utasikia, na mara nyingi ni pale mama anaposimama kuondoka, mkono uko kwenye kitasa cha mlango.

Ukishasikia, andika anwani kamili pamoja na namba ya fleti. Kisa cha Cincinnati kitakuonyesha sababu. Huko hospitali ya watoto na shirika la msaada wa kisheria la mji walianza ushirikiano wao mwaka 2008. Kiangazi cha 2010 mawakili waligundua kwamba familia 16 walizoletewa na madaktari zilikuwa zinaishi kwenye majengo ya mmiliki mmoja, zenye malalamiko yanayofanana: wadudu, maji yanayovuja, kuta zinazooza. Mmiliki huyo alikuwa na majengo 19. Kila daktari alikuwa amemwona mtoto mmoja anayekohoa na kumpa dawa yake, na hakuna aliyejua kwamba jirani wa mtoto huyo ameonwa chumba cha pili. Anwani ndizo zilizofichua. Mwishowe majengo 11 kati ya hayo 19 yalifanyiwa matengenezo makubwa, ikiwemo mapaa mapya, mifumo ya hewa na udhibiti wa wadudu. Utafiti wa hospitali hiyohiyo uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watoto waliohudumiwa na mawakili wa mpango huo walilazwa kwa kiwango cha chini kwa takriban 38% katika mwaka uliofuata, ukilinganisha na kama wasingehudumiwa.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Mashirika ya kupokea wakimbizi hupenda kupanga familia nyingi kwenye jengo moja, iwe Lowell, Worcester au Springfield. Wewe unayesali nao na kwenda misibani kwao utasikia jengo fulani likitajwa mara ya tatu kabla daktari yeyote hajang'amua. Usikae na habari hiyo. Mwambie wakili kwamba jengo lile linatajwatajwa, bila kumtaja mtu.

Sasa barua. Kama kuna kitu kimoja ningependa ukishike kwenye kazi hii ni hiki: silaha kubwa ya wakili ni barua ya daktari, na madaktari wengi hawajui kuiandika. Si kosa lao. Wamefundishwa kuandikiana wao kwa wao. Barua ambayo daktari mwenye shughuli nyingi ataitoa ni kama hii: "Mtoto ana pumu. Tafadhali msaidieni apate makazi bora." Hakimu wa mahakama ya nyumba ataisoma kwa sekunde tano na kuiweka kando. Haisemi pumu ina ukali gani, inahusiana vipi na nyumba, wala mahakama iamuru nini.

Linganisha na hii niliyoitunga kwa mfano: "Mgonjwa wangu, mwenye miaka 5, ana pumu isiyotulia licha ya kutumia dawa ya kila siku kama ilivyoagizwa. Tangu Septemba ameletwa chumba cha dharura mara tatu. Vipimo vya aleji vimeonyesha kwamba mende na ukungu vinamdhuru. Mama ameleta picha za ukungu kwenye ukuta wa chumba anacholala. Kwa maoni yangu ya kitabibu, kuendelea kuishi katika hali hiyo kunaizidisha pumu yake. Inatakiwa uvujaji uzibwe, ukungu uondolewe, na mende wadhibitiwe bila kupuliza dawa mtoto akiwa ndani." Angalia maneno "licha ya kutumia dawa". Bila hayo, wakili wa mwenye nyumba atasema mama hampi mtoto dawa. Angalia pia kwamba daktari hadai kuwa ameukagua ukuta. Anasema alichopima yeye na alichoonyeshwa. Kuthibitisha hali ya nyumba ni kazi ya mkaguzi wa manispaa, na wapangaji wengi hawajui kwamba wanaweza kumwita.

Wewe si daktari wala wakili, lakini barua inapita mkononi mwako. Kazi yako ni kuhakikisha picha zina tarehe, jina limeandikwa kama lilivyo kwenye mkataba wa nyumba, na mzazi anaelewa barua inasema nini kabla haijaondoka. Ukiona imekosa kitu, mwambie nesi au afisa ustawi wa jamii kwa upole. Madaktari wazuri hukubali, hasa wale vijana.

Kuhusu majina na tarehe, uwe macho. Watoto wengi wa kikimbizi wameandikwa kuwa wamezaliwa Januari 1, kwa sababu mtu wa dawati kambini hakuwa na tarehe nyingine ya kujaza. Huyo anayeitwa wa miaka 6 huenda ana 4 au 7. Kwa daktari anayepima ukuaji ni tofauti kubwa, na kwa shule inayosema mtoto "amechelewa" ni kubwa zaidi. Lakini usimsahihishie mtu tarehe kwenye fomu yoyote kwa nia njema. Tarehe inayopishana na ya faili la uhamiaji inaweza kuiletea familia maswali mazito. Mpelekee wakili kwanza.

Hofu kubwa ya wapangaji ni kwamba ukilalamika, unafukuzwa. Massachusetts ina kinga hapo: mwenye nyumba akichukua hatua dhidi ya mpangaji ndani ya miezi 6 tangu alipolalamika kwa idara ya afya, sheria inachukulia kwamba analipiza kisasi, na ni juu yake kuthibitisha vingine. Waeleze watu kwamba kinga ipo. Usiwaambie kwamba basi waache kulipa kodi. Kuzuia kodi kuna masharti yake, na nimeona familia zikifika mahakamani na deni la miezi kwa ushauri uliotolewa nje ya kanisa. Ukiulizwa nifanye nini, jibu lako ni moja: nakupeleka kwa wakili leo.

Mengine nitayapitia haraka. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 ikiwa na mtoto wa chini ya miaka 6, sheria ya hapa inamtaka mwenye nyumba kuondoa au kudhibiti hatari ya rangi yenye madini ya risasi, na haruhusiwi kuikataa familia kwa sababu ina watoto wadogo. Umeme na gesi: nyumba yenye mtoto mchanga wa chini ya miezi 12, au mtu mwenye ugonjwa mkubwa, ina kinga ya kutokatiwa endapo familia inathibitisha shida ya fedha, na kwa ugonjwa ni barua ya daktari tena. Shule: mzazi akitaka mtoto apimwe kwa ajili ya elimu maalumu, aombe kwa maandishi. Ombi la mdomo kwa mwalimu mlangoni halina tarehe. Akishasaini ridhaa, shule ina siku 45 za kazi za shule kufanya tathmini na kuitisha kikao. Na wasikubali kusubiri kwa hoja kwamba mtoto "kwanza ajifunze Kiingereza", maana kutojua lugha si sababu ya kuahirisha vipimo.

Siri ndiyo ngumu. Ndani ya chumba kimoja kuna watu wenye viapo tofauti. Daktari, nesi na afisa ustawi wa jamii wanalazimika kisheria kutoa taarifa kwa idara ya ustawi wa watoto wakishuku mtoto anadhulumiwa au anatelekezwa. Wakili hayumo kwenye orodha hiyo, na anachoambiwa na mteja wake kwa kawaida hakitoi nje. Ndiyo maana mazungumzo ya wakili hufanyika mlango ukiwa umefungwa, daktari akiwa nje, na karatasi zake hazikai kwenye faili la hospitali. Wewe umekaa upande gani? Inategemea nani amekuajiri na siku hiyo umeitwa na nani. Muulize msimamizi wako kabla hujaingia kikao chako cha kwanza, na akujibu kwa maandishi. Halafu mzazi aambiwe kwa Kiswahili chepesi, kabla hajafungua kinywa, nani atabaki na siri na nani hatabaki nayo. Usilifanye jambo hili dogo ili mazungumzo yaende. Mama akishatoa la moyoni mbele ya mtu asiyefaa, hakuna wa kulirudisha.

Na mtoto wa miaka 12 anayejua Kiingereza asiwe mkalimani wa mama yake. Kanuni za shirikisho zinakataza hospitali kumtegemea mtoto isipokuwa kwenye dharura, lakini hata zisingekataza, fikiria huyo binti akimtafsiria mama yake notisi ya kufukuzwa.

Jambo jingine la uhamiaji: si kila ofisi ya msaada wa kisheria inaweza kumpokea kila mtu. Zinazopata fedha kupitia Legal Services Corporation zina mipaka. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi anakubalika, mwenye ombi la hifadhi ambalo halijaamuliwa kwa kawaida hakubaliki, na hapo wakili wenu atatafuta ofisi nyingine. Usimhoji mzazi kuhusu hadhi yake ukumbini. Hilo aliulize wakili.

Kisha kuna bahasha. Nyumba nyingi za watu wetu zina mfuko wa plastiki juu ya friji uliojaa barua ambazo hazijafunguliwa. Mwambie mzazi aje na mfuko mzima siku ya kliniki, usimwambie achague zilizo muhimu. Tenga kwanza za Social Security, ofisi ya mafao ya serikali kuu, maana familia zenye watoto wenye ulemavu huomba SSI, yaani posho ya wenye ulemavu na kipato kidogo, hukataliwa, na kukataliwa huko hukaa ndani ya bahasha. Wana siku 60 za kukata rufaa tangu barua ipokelewe, na ofisi inachukulia kuwa imepokelewa siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa. Ukikuta siku zimepita, usiitupe. Ofisi inaweza kupokea rufaa iliyochelewa kukiwa na sababu ya msingi, na kutoijua vizuri lugha ya Kiingereza ni miongoni mwa mambo inayopaswa kuyazingatia. Piga muhuri wa tarehe mliyoifungua, mpe wakili siku hiyohiyo, na mzazi aondoke na nakala yake.