Umepewa kusimamia watu? Muangalie Kapteni Kirk na kijana wake Bailey

Mwaka wangu wa kwanza kusimamia zamu ya usiku ghalani nilimfukuza kijana mbele ya makuli, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Lori la mkoani lilikua linapakiwa, hesabu ikapungua katoni 40, karani wangu akaganda, namuuliza hajibu, kalamu inatetemeka mkononi, nikapaza sauti nikamwambia toka nenda nyumbani. Na dada wa uhasibu alishaniambia wiki hiyohiyo kwamba yule ni mgeni, ana wiki mbili tu, usimwachie lori peke yake usiku. Nilimsikia, sikumsikiliza.

Kipindi hicho ndo nilikua naanza kuangalia Star Trek ya zamani, tamthilia ya chombo kinachosafiri anga za juu, ile ya Gene Roddenberry iliyorushwa Marekani 1966 mpaka 1969, episodi 79. Kilichonivuta ni Uhura, afisa wa mawasiliano aliyechezwa na Nichelle Nichols, maana jina lake limetokana na neno letu uhuru, tena kuna episodi amefutwa kumbukumbu anafundishwa kusoma upya, akikwama Kiingereza anarudi kwenye Kiswahili, nilisimama kwenye kochi siku ile! Ila aliyenifundisha kazi ni Kirk, kapteni wa chombo.

Tafuta episodi inaitwa The Corbomite Maneuver. Chombo chao Enterprise kimebanwa na meli kubwa mno ya kiumbe wa anga za mbali anaitwa Balok, wamepewa dakika kumi kabla ya kulipuliwa, na Bailey, kijana anayeongoza njia, anapagawa anaanza kupiga kelele mbele ya wote. Dokta McCoy alishamwonya Kirk kwamba huyu kampandisha cheo haraka. Yani ni mimi na dada wa uhasibu kabisa. Kirk anamtoa kwenye kiti, anamwambia dokta ampeleke chumbani kwake, basi. Hamfukuzi. Alaf saa inazidi kukimbia na Bailey anarudi mwenyewe anaomba kiti chake, na Kirk anampa.

Na angalia suluhisho lilivyopatikana. Spock, msaidizi wa Kirk, anasema hii ni kama chesi, ukizidiwa mchezo umeisha. McCoy naye anagombana na Kirk kuhusu Bailey, anamwambia ataliandika kwenye kumbukumbu zake za udaktari na hapigi mkwara. Hakuna hata mmoja kati yao aliyempa jibu, ila Kirk akaunganisha maneno yao wote wawili, akasema sio chesi, ni karata za poka, mchezo ambao unaweza kushinda kwa mkwara hata karata zako zikiwa mbovu, akampiga Balok mkwara kwamba chombo chao kina kitu ndani kinachomrudishia madhara yeyote atakayewalipua. Kitu chenyewe hakipo!

Ndo maana nakwambia ukipewa watu, tafuta wawili wasiofanana, mmoja wa hesabu na mmoja anayejua watu wako wana hali gani nyumbani, waulize kabla mambo hayajaharibika, na usiwalazimishe wakubaliane. Mimi nina mzee wa stoo ambaye hasemi kitu bila daftari, na huyo dada. Wakishasema naamua mwenyewe, na ikiharibika naandika jina langu kwenye ripoti, siandiki la kwao.

Na mtu akiganda muondoe taratibu, mtu mwingine amsindikize akanywe maji, usimseme mbele za watu. Mwisho wa ile episodi Kirk anamchukua Bailey waende kumuona Balok uso kwa uso, kumbe alikua anawajaribu tu, na Bailey ndo anajitolea kubaki naye.

Asubuhi ile nilimpigia yule kijana simu, akarudi, nikamuomba radhi mbele ya makuli walewale. Zile katoni zilikua zimepakiwa lori la pembeni, na hakuzipakia yeye. Siku hizi yeye ndo anapanga zamu za makarani, na mgeni haachiwi lori peke yake usiku mpaka amalize mwezi, utaratibu huo ameuweka yeye.