Maswali na Majibu: Picha za Vitabu vya Kale vya Wavulana wa Uingereza

Nimerithi Boy's Own Annual ya babu. Picha za rangi zinachomoka, zile nyeusi ziko imara. Kwa nini?

Za rangi zilichapwa kando, kwenye karatasi laini, kisha zikabandikwa ukingoni kwa gundi kidogo tu. Gundi ikikauka, zinadondoka. Selotepu usiiguse kabisa! Itageuka rangi ya chai na doa halitoki. Soma maandishi chini ya picha: mara nyingi yanataja ukurasa wa kisa chake, uirudishe hapo.

Nitajuaje kama picha ilichongwa kwenye ubao?

Chukua lenzi. Nukta zilizojipanga kama matundu ya chandarua ni kazi ya kamera. Mistari myeupe iliyokatwa ndani ya weusi ni mkono wa fundi na kifaa chake cha kuchongea. Jarida la Boy's Own Paper, ambalo matoleo yake ya mwaka mzima ndiyo yaliyojalidiwa kuwa kitabu chako, lilianza Januari 1879, na picha zake za mwanzo zilichongwa hivyo. Mti uliotumika ni mgumu lakini mwembamba, kwa hiyo picha kubwa ilihitaji vipande kadhaa vilivyoungwa. Tazama sehemu ya mbingu au bahari: pengine utauona mstari mweupe, umenyooka kama uzi. Hapo ndipo vipande vilipokutana. Mimi huutafuta huo kabla ya kumtazama simba aliyechorwa.

Mbona Waafrika wamechorwa vibaya hivyo?

Kwa sababu kisa hakikuwa chao. Angalia mpangilio: kijana wa Kiingereza katikati, wima, mwanga usoni, mwenyeji pembeni, ameinama au kainua mkuki, uso haujulikani wa nani. Wachoraji wengi hawakufika huku. Nikiambiwa "ndivyo zilivyokuwa enzi zile", nakataa. Picha za kamera kutoka Unguja zilikwishakuwapo karne hiyohiyo ya 19, na watu ndani yake wana sura zao. Aliyetaka kuona, angeona.

Eagle nayo ni ya kundi hilo?

Ni mjukuu wao. Gazeti hilo la visa vya picha kwa wavulana wa Uingereza lilitoka Aprili 14, 1950, na vitabu vya mwaka vikafuata. Frank Hampson, mchoraji wa Dan Dare, shujaa wake rubani wa anga za juu, hakukisia mikunjo ya nguo: aliwavalisha watu, akawapiga picha, ndipo akachora. Mmoja wao alikuwa baba yake mzazi, ndiye Sir Hubert, mkubwa wa Dan Dare, unayemwona.